Naomba ushauri: "can", "could" na "be able to" natumiaje? Kwetu kuweza ni moja tu

Msaka_Ajira
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa Kiingereza, pale tunapotaka kusema mtu anaweza kufanya jambo. Kwa Kiswahili kitenzi kuweza kinanitosha kila mahali. Kwa Kiingereza nakutana na can, could, be able to, manage to, na kila nikiandika narudishiwa karatasi nyekundu tupu. Sentensi zilizokataliwa ni hizi:

1. I can to drive a lorry.
2. I can be able to start on Monday.
3. Next year I will can speak French.
4. Yesterday the bus was full but I could get a seat.
5. I know to cook.

Ya nne inanichanganya kuliko zote, maana could si ndiyo wakati uliopita wa can? Naomba mnipe na sababu, siyo jibu peke yake. Nina usaili wiki ijayo.

KalamuNyekundu
Mkuu, tatu za kwanza zina mzizi mmoja. Kuweza ni kitenzi kamili, unakipeleka utakako: ninaweza, niliweza, nitaweza, nimeweza, ningeweza. Can ni kitenzi pungufu. Kina maumbo mawili tu, can na could, basi. Hakipokei -s (hakuna "she cans"), hakina -ing, hakikai baada ya will, have, must wala want to. Kuuliza hakitaki do: ni "Can you drive?", kamwe si "Do you can drive?"

Pale can inapokwama ndipo be able to inapoingia, na anayebeba wakati ni be. Nitaweza: I will be able to. Nimeweza: I have been able to. Nataka kuweza: I want to be able to. Kwa hiyo ya tatu ni "Next year I will be able to speak French."

Ya kwanza imeharibiwa na ile ku- ya "kuendesha". Masikio yetu yanasikia ku- na mkono unaandika to. Baada ya can na could kitenzi kinakaa kitupu: "I can drive." Baada ya able, to ni lazima: "I am able to drive." Ukiikosea moja, mara nyingi utaikosea na nyingine kinyume chake, kwa hiyo zikariri pamoja.

Ya pili ni sawa na kusema "naweza kuweza kuanza Jumatatu". Kosa hili limeenea sana Kenya, Uganda na Tanzania, hata kwa watu wenye Kiingereza kizuri, ndiyo maana halikushtui. Chagua moja: "I can start on Monday." Ila usije ukaogopa "may be able to", "might be able to" na "should be able to". Hizo ni sahihi, kwa sababu may na might zinaleta "huenda", na should hapo inaleta "natarajia". "I might be able to start on Monday" ni huenda nikaweza kuanza Jumatatu.

Mama Nuru
Niongezee kwenye will be able to. Kama ni mipango inayoamuliwa sasa hivi, can inatosha hata jambo likiwa la kesho: "I can come tomorrow at ten." Will be able to inahitajika pale uwezo wenyewe haupo bado, kama hicho Kifaransa chako. Ukiulizwa kwenye usaili unaweza kuanza lini, jibu kwa can.

Fundi_Sarufi
Nije kwenye ya nne, maana hapo ndipo wengi wanaanguka, na vitabu vingi vya shule vinapita haraka.

Kiswahili chenyewe kinatenganisha mambo mawili. "Nilikuwa naweza kubeba gunia la kilo mia" ni uwezo uliokuwepo kwa kipindi. "Jana niliweza kufungua kofuli" ni tukio moja, limefanyika, limeisha. Could ni ya lile la kwanza: "When I was twenty I could carry a hundred-kilo sack." Kwa lile la pili could haifai. Unasema "Yesterday I was able to open the padlock" au "I managed to open the padlock." Sababu ni kwamba could inasema uwezo ulikuwepo, haisemi kama ulitumika. Msomaji anabaki anauliza: sasa ulifungua au hukufungua?

Kwa hiyo kiti chako kwenye basi: "The bus was full but I managed to get a seat." Managed to inafaa kuliko was able to kwa sababu palikuwa na taabu, basi lilijaa.

Mambo matatu yanalegeza sheria hii. Kwanza, kukanusha: couldn't inafaa kotekote, tukio moja au kipindi kizima. "I couldn't get a seat" ni safi kabisa. Ukiweka hardly au only, nayo hufuata mkondo huo: "I could only find one seat." Pili, vitenzi vya hisi na akili, yaani see, hear, smell, taste, feel, remember, understand. Hivi vinapokea could hata kwa tukio moja: "The power went off, but I could hear people talking." Tatu, ukiongeza have na umbo la tatu la kitenzi, unapata uwezo ambao haukutumika: "You could have called me." Ungeweza kunipigia, na hukupiga. Ndiyo ningaliweza yetu.

Mdau_wa_Pwani
Fundi, mbona "Could you open the window?" ni ya sasa hivi na siyo ya jana?

Fundi_Sarufi
Hiyo ni could ya adabu, ndugu. Inafanana na "ungeweza kunifungulia dirisha?" Hatuulizi nguvu za mikono yake, tunaomba. Jibu la could ya namna hiyo ni "Yes, of course". Usijibu "Yes, I could".

KalamuNyekundu
Ya tano imesahaulika. Kwetu kujua na kuweza hubadilishana: najua kupika, najua kuogelea. Kwa Kiingereza know inataka how katikati: "I know how to cook." Au tumia can moja kwa moja, "I can cook", ambayo ndiyo ya kila siku.

Na ukishafika kwenye capable, sahau to: ni "capable of handling", of kisha -ing. Succeed vilevile, "succeeded in repairing it". Able ndiyo pekee kati yao yenye to.

Tahadhari ya usaili: managed to inaficha neno "kwa taabu". Ukisema "I managed to arrive on time every day", unamwambia mwajiri kuwa kuwahi kazini kulikuwa vita. Sema "I arrived on time every day." Lakini "I managed to finish the work with two people missing" ni nzuri, kwa sababu taabu hapo inakupa sifa.

Mama Nuru
Kuna na ile -ika/-eka yetu ambayo huwa tunaibeba vibaya. Mlango haufunguki, na hata vitenzi visivyo nayo lakini vya mkondo huohuo: gari haliwaki, simu haichaji. Wengi wanasema "The phone is not able to charge". Be able to inapenda mtu au mnyama mwenye kutenda. Kitu kinachogoma hupewa won't: "The door won't open", "The car won't start", "My phone won't charge". Kikiwa ni kitu kinachotendwa, can ya kutendwa: "This can be repaired", siyo "is able to be repaired". Mwandiko hausomeki: "I can't read this handwriting", unamleta msomaji awe mtenda.

Sikio_Kali
Kwa kuwa ni usaili wa mdomo, matamshi nayo yaangaliwe. Sisi hutamka can kwa nguvu, "ken". Wenye lugha yao, katikati ya sentensi, wanaimeza mpaka inabaki "kn", na mkazo unahamia kwenye kitenzi: I kn DRIVE. Can't haimezwi kamwe, inabeba mkazo: I CAN'T drive. Waingereza wengi huivuta kama "kaant". Wamarekani hutumia irabu ileile ya can iliyotamkwa kamili, na t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Kwa hiyo usitafute t, sikiliza mkazo. Nawe ukitamka can yako kwa nguvu mno, Mmarekani anaweza kusikia kwamba huwezi. Kwenye jibu fupi can inatamkwa kamili: "Yes, I can."

Kwenye maandishi, cannot ni neno moja.

Msaka_Ajira
Shukrani sana wakuu, nimeelewa kilichokuwa kinanikwamisha. Nimejaribu upya, naomba mnikagulie:

I can drive a lorry and I know how to change the tyres. I can start on Monday. Last year I was able to repair an engine alone. I went to the office on Friday and I could see the manager.

Fundi_Sarufi
Tatu za kwanza ziko sawa. Ya mwisho imekutega kwa sababu ya see. Ukiandika "I could see the manager", maana yake macho yako yalimwona, labda kupitia kioo cha mlango. Wewe ulikusudia mlionana, na kuonana ni tukio, siyo hisi. Andika "I was able to see the manager."