Wazee weusi Marekani na bima ya nyongeza: sheria ibadilishwe au la?

MzeeWaZamu: Wakuu, naomba mawazo yenu. Marekani ukifika miaka 65 unapata Medicare, bima ya afya ya serikali, lakini ile ya kawaida inakuachia asilimia 20 ya bili ya daktari, tena bila kikomo cha mwaka. Wenye uwezo wanaziba pengo kwa bima binafsi, ama Medigap, yaani bima ya nyongeza ya kununua kwa kampuni, ama ile ya mwajiri wa zamani. Wazee weupe wengi wanayo, weusi na Walatino wachache. Na ikishapita miezi 6 ya mwanzo, majimbo mengi yanairuhusu kampuni ya Medigap ikuulize magonjwa yako na kukukataa. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine ndiyo yamezuia. Je, yote yalazimishwe?

BoksiKwanza: Yasilazimishwe. Mtu akiruhusiwa kusubiri augue ndipo anunue, wazima hawataingia na bei itawapandia waliomo. Halafu tuseme ukweli, weusi wa huku hawaweki akiba. Viatu kwanza, uzee baadaye.

DadaMlezi: Viatu? Kaka, mimi nalea wazee majumbani mwaka wa 11 huu. Nina bibi mweusi wa miaka 88, alianza kazi za ndani akiwa na 15. Hakuna bosi aliyewahi kumpa bima. Hiyo akiba angeitoa mshahara upi? Social Security, pensheni ya serikali, ilipoanzishwa 1935, watu wa mashambani na wa kazi za ndani waliachwa nje, na kule kusini hao walikuwa weusi kwa wingi. Walianza kuingizwa 1950, na bado mabosi wengi hawakuwapelekea michango.

BoksiKwanza: Ya 1935 yanamhusu nini aliyestaafu jana? Medicare yenyewe Rais Roosevelt aliileta kwa ajili ya hao hao.

MwalimuKibaraza: Si Roosevelt. Ni Rais Johnson, 1965, alisaini mbele ya rais wa zamani Truman na Truman akapewa kadi ya kwanza. Ilipoanza Julai 1966, hospitali zilizokuwa zikitenga weusi ziliambiwa ziache, la sivyo hazilipwi. Hospitali nyingi mno zikaacha kwa muda mfupi. Serikali ikiamua, inaweza.

BoksiKwanza: Sawa, Johnson. Hoja yangu ya bei hamjaigusa.

DadaMlezi: Futa kwanza la viatu.

NyotaYaAsubuhi: Niiguse mimi. Weusi wengi wako Medicare Advantage, ile Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, kwa sababu mara nyingi huongezi malipo ya mwezi. Ni nafuu mpaka ugonjwa mkubwa uingie. Hapo kipimo kinasubiri kibali, na daktari unayemtaka hayumo kwenye orodha yao. Ukitaka kutoka uchukue Medigap unaulizwa sukari na presha, magonjwa yaliyowajaa weusi kuliko weupe. Fomu haina swali la rangi, lakini wanaokataliwa tunawajua. Na hiyo bei unayoihofia, wao wanailipa kwa kukaa bila matibabu.

BoksiKwanza: Msinifanye mtu asiye na huruma. Mama yangu nimemleta mwenyewe. Hana ile miaka 10 ya michango ya kazini, akasubiri miaka 5 ya ukaazi ndipo akaruhusiwa kununua Medicare. Sehemu A ya hospitali na sehemu B ya madaktari, zote nalipa mimi, kwa zamu za usiku. Hakuna mweusi wa huku aliyenichangia hata senti.

DadaMlezi: Pole, ndugu yangu, hilo nalisema kwa moyo. Mama ana presha?

BoksiKwanza: Presha na sukari.

DadaMlezi: Basi kwa kampuni ya bima, mama yako na bibi yangu ni mtu mmoja.

BoksiKwanza: Mama yangu hakununua viatu.

NyotaYaAsubuhi: Na huyo bibi je? Umewahi hata kumwona?

MzeeWaZamu: Jamani, turudi kwenye mada.

MwalimuKibaraza: Ngoja kwanza, mzee wangu, hili la mama lina haraka. BoksiKwanza, sehemu B yake ilianza lini?

BoksiKwanza: Huu ni mwezi wa nne tangu ianze.

MwalimuKibaraza: Ile miezi 6 ya Medigap inahesabiwa tangu sehemu B ianze, kwa aliyekwisha kutimiza 65. Piga simu kesho asubuhi. Sasa hivi hawaruhusiwi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya presha wala sukari. Mkichelewa, mtakutana na ile fomu.

BoksiKwanza: Sikulijua hilo. Asante, mwalimu. Nitapiga.

DadaMlezi: Bibi yangu hakuwa na mtu wa kumwambia ndani ya miezi yake 6. Nasubiri ufute.