Mgahawa wa familia Kirumba: tuanze kufungasha pilipili au dagaa wa kukaanga?

Binti wa Kirumba

Wakuu, salamu. Familia yetu ina mgahawa Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni, ambao mama ameuendesha tangu sisi tukiwa wadogo. Wateja wetu wengi ni wafanyabiashara wa samaki na dagaa, wakiwamo wanaotoka Burundi na Kongo, pamoja na wasafiri wanaopita kula sato kabla ya kwenda stendi ya Nyegezi. Kwa muda mrefu wamekuwa wakimwomba mama awafungie pilipili yake ya kupika waende nayo, naye huwafungia katika chupa za maji zilizokwisha kutumika. Wengine huchukua dagaa wa kukaanga kwa ajili ya watoto walio shule za bweni.

Mimi na kaka yangu sasa tunataka biashara kamili: bidhaa yenye lebo na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), inayoweza kuuzwa madukani Mwanza, Geita na Shinyanga. Mama amekubali, ila ameweka sharti kwamba ladha isibadilike. Tuna akiba kiasi, na tunafikiria kuanza na bidhaa tatu kwa pamoja, yaani pilipili, dagaa wa kukaanga na sato wa moshi. Tuanzie wapi, na ni mambo gani ambayo mtu anayetoka kwenye mgahawa huwa hayaoni mpaka aingie humo? Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mtaalamu wa Chakula

Dada, hongera kwako na kwa mama. Nitaanza na jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko leseni na lebo. Chakula cha mgahawani huliwa saa ileile kilipopikwa, kwa hiyo moto wa jikoni ndio unaomlinda mteja. Chakula cha chupani hukaa miezi, na katika miezi hiyo hakuna wa kukipasha moto tena. Mapishi yale yale yanayofaa mezani yanaweza kuwa hatari yakifungwa.

Pilipili ya kupika ya nyumbani kwa kawaida huwa na nyanya, vitunguu maji, vitunguu saumu na mafuta. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta, ndani ya chupa iliyobana isiyo na hewa, ni mahali ambapo kimelea kiitwacho Clostridium botulinum kinaweza kuzaliana na kutoa sumu inayoua, na sumu hiyo mara nyingi haibadilishi harufu wala rangi ya chakula. Kinachokizuia ni uchachu. Kipimo cha uchachu huitwa pH, na namba yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi; ikiwa chini ya 4.6, kimelea hicho hakiwezi kuota. Wasindikaji makini hulenga 4.0 au chini yake ili wawe na nafasi ya usalama. Msitegemee nyanya peke yake, kwa sababu nyanya zilizoiva sana huweza kuvuka 4.6. Nunueni kipima pH cha kidijitali, pimeni kila mpiko baada ya kusaga mchanganyiko vizuri, na mrudie kupima kesho yake, kwa kuwa vipande vya kitunguu huchukua muda kunyonya uchachu.

Baada ya hapo, pilipili ijazwe ikiwa bado ya moto, nyuzi 85 au zaidi, katika chupa safi za kioo. Kifuniko kifungwe mara moja na chupa ilazwe au ipinduliwe kwa dakika chache ili moto uguse kifuniko. Chupa za kawaida za plastiki hunywea kwa joto hilo. Zile za maji zilizotumika naomba muziache leo, hata kwa mteja mnayemfahamu.

Kuhusu sato wa moshi, ushauri wangu ni kwamba msimguse kwa sasa. Samaki mwenye minofu minene asipokaushwa sawasawa huhitaji baridi kutoka jikoni kwenu mpaka kwa mlaji, na mnyororo huo wa baridi hamtaumudu kwa akiba ya kuanzia.

Msindikaji Musoma

Naunga mkono aliyetangulia. Mimi ninafungasha dagaa huku Musoma, kwa hiyo nitasema ya dagaa.

Mdogo wangu, dagaa wana mafuta mengi kuliko wanavyoonekana. Adui yao baada ya kukaangwa ni hewa, mwanga na unyevu, vitu ambavyo duka la kawaida linavyo kwa wingi. Wakikaa ndani ya mfuko mwepesi unaoonyesha ndani, wataanza kunuka mafuta yaliyochacha kabla tarehe uliyoandika haijafika, hasa kama mafuta ya kukaangia yametumika mara nyingi, jambo ambalo migahawa mingi hulifanya bila kuona ubaya wake. Kwa bidhaa ya kufungasha, mafuta lazima yabadilishwe mapema, na mfuko uwe wenye tabaka la alumini ndani. Usiogope katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, kwani lililenga mifuko ya kubebea na si vifungashio vya bidhaa za viwandani.

Halafu kuna mchanga. Dagaa walioanikwa chini kwenye mchanga utawaosha mara ngapi mpaka waishe kukwaruza meno? Nunua kwa wanaoanika juu ya chanja tu, hata kama bei inazidi, na kabla ya kulipa chota wachache kutoka chini ya gunia, uwasugue juu ya sahani nyeupe. Kinachobaki kwenye sahani kitakueleza yote.

Uzito mwingine ni upatikanaji. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi uvuvi husimama na bei hupanda. Masika nayo huharibu uanikaji. Mgahawani, dagaa wakikosekana unapika kitu kingine. Mwenye duka aliyekupa rafu hatakuelewa ukimwambia habari za mwezi. Unahitaji ghala kavu la akiba na pesa ya kulijaza wakati dagaa ni wengi, na pesa hiyo ndiyo inayowashinda wengi.

Kwa sababu hizo, anzeni na pilipili peke yake. Dagaa watafuata.

Kuhusu vibali, nendeni kwanza ofisi ya SIDO Mwanza, yaani shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wana mafunzo ya usindikaji, na wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa nao hupata unafuu katika safari ya kupata alama ya ubora. Shughuli za usalama wa chakula zilihamishiwa TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo maombi ya jengo na ya bidhaa yote mtayapeleka TBS. Tayarisheni chumba kilichotengwa na jiko la mgahawa, chenye mlango wake na sehemu yake ya kunawa. Mkaguzi akikuta pilipili inafungwa kwenye meza ileile inayoparuliwa sangara, atawarudisha nyumbani, na atakuwa na haki.

Mwenye Duka Buzuruga

Mimi nitasema upande wa rafu, maana huku ndiko ninakoona bidhaa nzuri zikifa.

Tuchukulie kwa mfano kwamba malighafi ya chupa moja ya pilipili ni shilingi 700, chupa na kifuniko 600, lebo 150, gesi na umeme 150, na kazi ya mikono 300. Hiyo ni 1,900 kabla ya usafiri, chupa zinazopasuka na zile mnazogawa watu waonje. Mkiniuzia 2,500, nami nitauza 3,000 au 3,300. Wengi wanaotoka migahawani husahau ile 300 ya mikono, kwa kuwa ni mama na dada zao wanaofanya kazi bila kulipwa, kisha oda zikiongezeka wanaajiri na faida inayeyuka.

Jambo la pili ni mali kauli. Maduka mengi, na makubwa zaidi, hayatawalipa papo hapo. Mtaacha mzigo na kulipwa baada ya kuuzwa, pengine baada ya kufuatilia mara kadhaa. Kwa hiyo msikimbilie Rock City Mall kabla ya kuwa na mtaji wa kupika mizigo miwili mitatu ambayo pesa yake bado iko nje. Anzeni na maduka ya mtaani yanayolipa taslimu, vibanda vya wasafiri Nyegezi, na meza za mgahawa wenu wenyewe. Geita sasa ni jirani tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwani gari halisubiri tena kivuko, lakini msafirishe mzigo huko mkishakuwa na mteja mmoja wa uhakika anayerudia kununua.

Na lebo iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: jina la bidhaa, viambato vyote kuanzia kile kilicho kingi, ujazo, mtengenezaji na mahali alipo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na maelezo ya kuhifadhi baada ya kufungua. Chupa isiyo na tarehe siipokei, hata ikiletwa na ndugu yangu.

Mhasibu Nyamagana

Niongeze machache kuhusu familia. Fungueni daftari na akaunti ya benki ya biashara hii mbali na za mgahawa, na kila nyanya inayotoka stoo ya mgahawa iandikwe kuwa imenunuliwa. Vinginevyo hamtajua ni biashara ipi inailisha nyingine.

Jina nalo lina uzito wake. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakumzuii mtu mwingine kulitumia kwenye chupa yake. Kinachowalinda ni usajili wa alama ya biashara, ambao kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7 na baadaye huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kaeni na mama, kaka na wengine wote mkubaliane kwa maandishi nani mmiliki wa alama hiyo, na nani ana hisa ngapi, sasa hivi wakati hakuna faida ya kugombania.

Binti wa Kirumba

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Tumekubaliana na kaka kuanza na pilipili pekee. Linalonisumbua ni sharti la mama. Pilipili yake haina siki hata tone. Tukiongeza siki ili kushusha pH, atasema si yake tena, na wateja nao wataitambua. Pia hapimi chochote. Huchota kwa kiganja.

Mtaalamu wa Chakula

Siki si njia pekee. Maji ya ndimu au limau hushusha pH vilevile, na kwa pilipili inayoliwa na samaki ladha yake haigombani. Mteja wa sato huwa anakamulia ndimu hata hivyo. Asidi ya sitriki nayo hutumika kwa kiasi kidogo, na haina ule ukali wa siki puani. Tatizo la ndimu ni kwamba uchachu wake hutofautiana tunda kwa tunda, ndiyo maana kipimo lazima kifanyike kila mpiko.

Kuhusu kiganja, usimwambie mama abadilishe mkono wake. Weka bakuli juu ya mizani, achote kama kawaida na kumwaga humo, nawe uandike gramu kabla hajahamishia sufuriani. Fanyeni hivyo katika mipiko kadhaa, mchukue wastani, kisha mpike kwa mizani peke yake na kumpa mama aonje bila kumwambia ipi ni ipi. Asipozitofautisha, mmepata fomula ya kiwanda. Hapo ndipo muanze kuongeza ndimu kidogo kidogo, huku mama akionja na wewe ukisoma pH, mpaka mfike mahali ambapo yeye ameridhika na kipimo kimeshuka hadi 4.0. Kama hapana mahali pa namna hiyo, pilipili hiyo ibaki mgahawani, na mtafute nyingine ya kufungasha.