Kocha wa Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, lazima awe amewahi kuivaa jezi?

Langalanga Damu: Wadau, swali ni moja na sitaki matusi. Benjamin Ayimba alikuwa nahodha, akawa kocha, akatufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia Dubai 2009, kisha Singapore 2016 tukawazima Fiji 30-5 kwa fainali. Baada ya hapo mzungu wa nini tena? Watu wa Kakamega najua mtapinga, kwa sababu nyinyi mmezoea kununua. Sisi Nakuru tunalea wachezaji, klabu yenu ya Kabras inakuja na pesa ya kampuni ya sukari.

Omwami wa Lurambi: Ulikuwa unaongea vizuri mpaka hapo mwisho. Kununua nani? Kakamega High ilikuwa inatoa wachezaji wa taifa kabla hujajua mpira wa raga una ncha mbili. Kabras imebeba Kenya Cup, ligi kuu ya klabu za raga, 2016, 2022, 2023, 2024. Nyinyi la mwisho lini?

Mama Wawili: Ni 30-7. Nilitazama mtoto akiwa mgongoni, msibishane nami.

Langalanga Damu: Saba basi, mama. Omwami, 2013 na 2014 mfululizo ni nani? Nakuru RFC, klabu yetu, Wanyore!

Omwami wa Lurambi: Asante kwa kulitaja. Hata jina ni letu. Wanyore wako Vihiga, kuanzia Luanda mpaka Emuhaya, na hakuna mzee hata mmoja aliyeletewa kuku wa kuombwa ruhusa.

Langalanga Damu: Jina halina hatimiliki.

Omwami wa Lurambi: Mchezaji naye ana hatimiliki? Mbona unalia akihama?

Jakisumo: Mtu aliuliza kuhusu makocha, jameni. Mike Friday ni Mwingereza, 2013 alitufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow. Damian McGrath ni Mwingereza vilevile, 2023 tukashushwa daraja kwenye msururu wa dunia tukiwa naye. Aliyeturudisha 2024 ni Kevin Wambua, wetu. Pasipoti haifundishi mtu kukaba. Na huyo Ayimba, miezi minne baada ya Singapore tulikuwa Olimpiki ya Rio tukamaliza wa 11.

Langalanga Damu: Marehemu mwache apumzike. Una kinyongo gani naye?

Jakisumo: Kinyongo? Namheshimu kuliko wewe uliyekosea hata alama za fainali yake. Mei 2021 alipolazwa na malaria, familia ikaomba mchango. Shabiki sugu, ulituma ngapi?

Langalanga Damu: Mia mbili. Sikuwa na kazi wakati huo. Umefurahi?

Mama Wawili: Hapo umepita kipimo, Jakisumo. Kijana ametuma alichonacho.

Jakisumo: Sawa. Nimeteleza, samahani.

Prop Mstaafu: Mimi nilisukuma skramu miaka sita kwa klabu ndogo. Kocha wetu alikuwa moto enzi zake. Mazoezini kazi ilikuwa “fanyeni kama nilivyokuwa nafanya”, na goti lake limeisha hata kuchuchumaa hawezi. Tulipigwa kila Jumamosi. Kucheza ni kitu kimoja, kumwonyesha mtu mwingine ni kitu kingine.

Mama Wawili: Lakini hata anayejua hatumpi nafasi. Innocent Simiyu naye alikuwa nahodha. 2018 alitupeleka fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, zote Fiji wakatunyuka, na mwaka huohuo akaachishwa. Mnauliza atoke wapi. Ulizeni anakaa muda gani.

Langalanga Damu: Mama, hicho ndicho nilichokuwa nasema.

Prop Mstaafu: Hukusema hicho. Ulisema sukari.

Omwami wa Lurambi: Na hajaomba msamaha. Mashindano ya raga ya Prinsloo yakifika nakuja hapo Nakuru Athletic Club mwenyewe, nichukue fidia ya jina kwa kilo za mbuzi.

Langalanga Damu: Njoo. Ila ukishangilia Kabras, nauli ya kurudi utajua mwenyewe.

Omwami wa Lurambi: Nauli ya nini? Nitapanda basi la timu. Limejaa vijana wenu.