KUFAGIA?! Mmeisoma barua ya yule bwana wa bima?

Soksi_ya_Upepo:
Wenye ndege za watalii, mmefungua barua ya leo asubuhi? Simtaji mtu. Mnamjua. Yule yule ambaye akiona Cessna anauliza konda anakaa wapi.

Masharti mapya, kipengele cha 7: mwendeshaji athibitishe kwa maandishi kuwa njia ya kurukia imefagiwa kabla ya kila kutua. Imefagiwa. KU-FA-GI-WA. Kiwanja cha changarawe katikati ya mbuga, tukifagie kama ua wa bibi. Kwa ufagio wa chelewa au ule wa plastiki wa soko la Owino, Kampala? Na ngiri aliyechimba shimo pale mwisho wa njia, naye apewe notisi?

Najua kelele zimeanzia wapi: mapangaboi, yale mapanga yanayozunguka na kuvuta ndege. Mawe yanayala, hakuna anayebisha. Lakini jiwe halipandi kwa sababu halikufagiwa. Linapanda pale rubani anaposimama juu ya changarawe iliyolegea, anakanyaga breki, anasukuma nguvu zote ndege ikiwa imetulia. Panga linavuta hewa ya chini, na jiwe linakuja nayo. Dawa inajulikana: achia breki, ndege ianze kubiringika, ndipo uongeze nguvu polepole. Kujaribu injini ufanyie kwenye lami au nyasi ngumu. Angeandika hivyo ningesaini kwa mikono miwili. Yeye kaandika kufagia!

Na afagie nani? Viwanja vingine ni vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, vingine vya watu binafsi. Rubani yuko juu ya maporomoko ya Murchison na watalii watano, ashuke kwanza afagie, apande tena, ndipo atue?

Ada anaitaka yote mapema, bila ada hakuna bima. Sawa, nalipa. Ila kufagia, jamani.

Mkia_Juu:
Ssebo, kunywa chai kwanza. Halafu tujibu: kutoka kiwanja cha Kajjansi, hapa karibu na Kampala, hadi kile cha Pakuba kwenye mbuga ya Murchison, ufagio unakaa kiti cha mbele au unahesabiwa abiria? Maana abiria wakizidi idadi iliyoandikwa kwenye hati ya bima, dai limekufa kabla halijazaliwa. Na wale mnaopakata watoto mapajani bila kuwaandikisha, huu utani unawahusu.

Fundi_wa_Panga:
Hata ukifagia kwa ulimi, kovu dogo kwenye ukingo wa mbele wa panga halilipwi. Huo ni uchakavu. Fundi analichonga kwa tupa, analainisha, anapima kama panga limebaki ndani ya kiwango cha mtengenezaji, anaandika kwenye logi, basi. Asipolichonga, ufa unaanzia hapo hapo.

Kinacholipwa ni tukio moja lililorekodiwa: panga limepiga chini injini ikasimama ghafla, au jiwe limeingia ndani ikabidi injini izimwe papo hapo. Vumbi linalokula injini kidogo kidogo kiangazi kizima, ni uchakavu tena. Madai mengi yanakufa kwa sababu hayakuandikwa: tarehe, kiwanja, saa za injini, picha ya panga KABLA tupa haijaligusa. Tupa ikishapita, ushahidi umekuwa unga sakafuni.

Soksi_ya_Upepo:
Fundi, yote nimekubali. Lakini kufagia?

Mzee_Caravan:
Mnalilia ufagio, injini hamwililii. PT6A-114A, injini ya Cessna Caravan, ina saa 3,600 kati ya kufumuliwa na kufumuliwa. Ikiharibika kwa ajali ukiwa umeshatumia saa 2,700, chini ya masharti ya kawaida ya soko la bima la London, bima inakata robo tatu ya gharama ya kufumua, inakata na eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ndipo inaanza kutoa. Asiyeweka pesa pembeni kwa kila saa anayoruka atajua hajui. Ufagio ni shilingi ngapi?

Dada_wa_Madai:
Mzee kasema kweli ila kasahau mikataba ya lodge. Wanakuletea karatasi kurasa nne, ndani kuna sentensi moja: ajali yoyote, hata kwa uzembe wa dereva wao pale kiwanjani, unabeba wewe. Unasaini ili upate wageni. Bima yako ya dhima, ile ya madhara kwa watu wengine, hailipi mzigo uliojitwisha kwa mkataba, mpaka kampuni ya bima iukubali kwa maandishi kabla. Mpelekeeni dalali karatasi KWANZA, kalamu baadaye.

Na acheni kutaja Mkataba wa Montreal wa 1999 kwenye kila kitu. Ule ni wa fidia kwenye safari za kimataifa. Ndege iliyoondoka Kajjansi ikazunguka juu ya ziwa na kurudi Kajjansi haijatoka nchini.

Milango_Wazi:
Afadhali nyie wa ufagio. Mpiga picha anataka mlango wa Cessna 206 utolewe, hati imeandikwa "kubeba abiria" tu. Ukiomba kazi ya kupiga picha angani iongezwe, wanataka majina ya marubani upya, saa zote walizoruka, na saa kwenye aina hiyo ya ndege. Majibu yanafika mgeni keshapanda Entebbe kurudi kwao.

Mkia_Juu:
206 yenyewe avgas, petroli ya ndege, mnapata wapi wiki hii? Mwenye Caravan haulizwi, anakunywa Jet A-1, mafuta ya jeti, kama maji.

Milango_Wazi:
Drumu mbili zimebaki, ila zilisimama nje kwenye mvua.

Fundi_wa_Panga:
Zilisimama?! Drumu linalazwa ubavu, vifuniko viwili usawa mmoja, kushoto na kulia, mafuta yavifunike kwa ndani. Likisimama, mvua inatuama juu, jua likiwaka na kupoa drumu linavuta maji kupitia nyuzi za kifuniko. Chota ya chini kabisa kwenye chupa ya kioo uangalie.

Milango_Wazi:
Nimeangalia. Kuna mstari, maji chini, mafuta juu.

Mkia_Juu:
Mstari kiasi gani? Weka picha.