Mrejesho: maumivu ya kidole tumbo baada ya kukatwa

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kama kidole tumbo kinaweza kuuma tena ilhali nilishafanyiwa upasuaji miaka 4 iliyopita. Jibu nimelipata kwa mwili wangu: ndiyo, inawezekana, ingawa ni nadra.

Maumivu yalianzia kitovuni, yakashuka upande wa kulia chini, homa ikapanda, chakula sikitaki hata kukiona. Kituo cha kwanza waliona kovu wakasema haiwezi kuwa hicho, wakanipa dawa za gesi. Siku 2 zikapotea hivyo hivyo, nikitembea nimejikunja. Nawashukuru sana mlioniambia nidai kipimo cha CT (picha za ndani ya tumbo).

Picha ikaonyesha kisiki, yaani kipande cha kidole tumbo kilichobaki baada ya kukatwa, kimevimba. Daktari alinieleza kuwa kikiachwa kirefu kuzidi milimita 5 hivi, uchafu hukwama ndani na kinaweza kuwaka upya, hata kupasuka. Nimepewa antibayotiki za kupitia mshipa wa damu, nikapasuliwa tena kuondoa kilichobaki.

Leo siku ya 9, nyuzi zimetolewa, natembea wima. Mwenye kovu kama langu, maumivu yakirudi upande ule, asikubali kurudishwa nyumbani bila picha.