Yule fundi simu wa pale kituoni amenifutia wadeni wangu wote!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi mnamjua. Yule wa kibanda cha bluu, mwenye spika inayopiga kelele mpaka abiria wanapitilizwa kituo. Simtaji, mnamjua.

Nimempelekea simu yangu iliyopasuka kioo tufanye topapu, niongeze hela nichukue nyingine. Nikamwambia mbele ya mama ntilie na bodaboda waliokuwa wanakula: mwanangu, kipotee chochote, chati za WhatsApp zisipotee. Akaitikia, "Usijali mama." Akahamisha laini, namba ikathibitishwa, ukatokea ule ukurasa wa kuchagua Rejesha au Ruka. Nauona kwa macho yangu! Nafungua mdomo niseme Rejesha, kidole chake, kucha imejaa gundi nyeusi, kikatua kwenye Ruka. Halafu akanitazama usoni akasema: "Mama, chati za zamani za nini? Simu mpya, mambo mapya."

Simu mpya, mambo mapya! Mimi nauza vitenge na mashuka kwa mkopo, daftari langu ni WhatsApp. Kila aliyechukua mzigo aliandika mwenyewe "nimepokea, nalipa mwisho wa mwezi", wengine wakarekodi na sauti wanaapa kwa majina ya watoto wao. Nusu ya watu wa mtaa huu wamelalia mashuka yangu usiku wa kuamkia leo. Sasa nimempigia mmoja, ananijibu, "Deni gani shoga? Nitumie basi hiyo chati." NITUMIE CHATI!

Nikamgeukia anipe simu yangu ya zamani, keshaipiga riseti, ipo kwenye kabati la kioo inasubiri mteja. Namwambia umenifilisi, yeye anamenya muwa. Anarudia tena, safari hii anaimba kabisa: simu mpya, mambo mapya. Mtu huyu mkimpeleka Makumbusho ya Taifa atalitupa fuvu la Zinjanthropus jalalani aweke la plastiki.

Na msiniambie bahati mbaya. Rejesha aliiona. Kuna foleni, kurejesha kunachukua muda, akaona mama huyu nimmalize haraka. Akabonyeza Ruka huku namtazama!

Kipara wa Buza: Mama, mimi ni mmoja wa waliochukua mashuka. Naomba namba ya huyo fundi nimtumie ya soda.

Mkweli Tu: Na hayo mashuka yalichuja nilipofua mara ya kwanza, boksa zangu zote sasa ni za zambarau. Mungu halali.

Mama Vitenge: Kipara, nimeshakujua kwa uandishi wako. Seti mbili za sita kwa sita, za maua. Nakuja.

Injinia wa Mtaa: Mama tulia kwanza, huenda hazijapotea. Bekapu ya WhatsApp, yaani nakala ya akiba ya chati, kwenye Android inakaa Google Drive, na inafuata vitu viwili: namba yako na Gmail yako. Hawa mafundi huwasha simu kwa Gmail ya dukani. Nenda kwenye mipangilio uangalie akaunti iliyopo. Kama si yako, iondoe, ingiza yako, futa WhatsApp, ipakue upya, thibitisha namba, utaulizwa tena kurejesha. Kama Gmail ni yako, zima bekapu ya otomatiki SASA HIVI. Ile hujipiga usiku wa manane, na ikishapiga hiyo tupu, inakalia ya zamani. Na siku nyingine, kabla ya riseti, tumia njia iliyokuja 2023: simu mbili zikae jirani, Wi-Fi imewashwa, mpya inaonyesha msimbo wa QR, ya zamani inauskani, chati zinahama zenyewe bila Drive.

Mama Vitenge: Nimeangalia. Gmail iliyopo siijui, ina jina la duka! Na ile yangu ya zamani alinifungulia yeye yeye, nenosiri analo yeye. Nimempigia, anasema hakumbuki. Simu mpya mambo mapya, anasema hakumbuki!!

Chausiku wa Tandika: Yaani mtu unampa fundi akufungulie Gmail? Hata ATM kadi utampa akushikie.

Injinia wa Mtaa: Usihangaike naye. Kama namba yako ya simu ilisajiliwa kwenye hiyo Gmail, bonyeza umesahau nenosiri, jaribu kuirudisha kwa ujumbe wa namba.

Bwana Tufaha: Ndiyo maana sisi tuko iPhone.

Injinia wa Mtaa: Bekapu ya iCloud, yaani ya iPhone, haisomwi na Android, na ya Drive haisomwi na iPhone. Mwenye Android akitaka kuhamia kwenu inabidi iPhone iwe mpya au ipigwe riseti ndipo chati zihamie. Na kuna wenzako wamewasha bekapu ya siri kwa ufunguo wa herufi na tarakimu 64, wakaupoteza. Hapo hata WhatsApp wenyewe hawana msaada. Kwa hiyo tulia.

Dada wa Gongo la Mboto: Afadhali yako ni chati. Fundi cherehani wangu nilimpa kitambaa cha Idi mapema kabisa. Usiku wa mwandamo naenda kuchukua, nakuta mkewe kakivaa!

Chausiku wa Tandika: Hahaha! Wa hivyo wapo wengi. Wangu alinishonea gauni la mtu mwingine, mtu huyo yuko hai na ananitafuta.

Mama Vitenge: Jamani mada ni fundi simu. Alibonyeza Ruka namtazama.

Mkweli Tu: Huyo wa cherehani yuko wapi? Isije ikawa ni yule wa karibu na msikiti, alinibania suruali mpaka nikakaa arusi nzima nimesimama.

Dada wa Gongo la Mboto: Huyo huyo! Mwenye tepu shingoni hata akienda sokoni!

Kipara wa Buza: Ana kitambaa changu cha kanzu tangu Idi iliyopita.

Dada wa Gongo la Mboto: Cheupe, kina mstari wa dhahabu? Kaka, nimemuona mtu nacho kwenye harusi juzi.