Msaada: ruzuku ya halmashauri kwa kikundi kinachosaidia vijana wa unga, tuko Igoma, Mwanza

Mama_Igoma

Habari za jioni ndugu zangu. Jambo lenyewe ni refu kidogo, naomba mnisome hadi mwisho.

Mdogo wangu wa mwisho alitumia unga, yaani heroini, miaka sita. Aliuza simu, akauza baiskeli ya baba, ikafika siku akauza hadi sufuria za mama zikiwa na masizi. Leo ni mwaka wake wa tatu anakunywa methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa unga, pale hospitali ya Sekou Toure, na anashona viatu karibu na stendi. Alipoanza kunenepa, mama wa nyumba ya tatu alinifuata kisimani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wa kwako mlimfanyaje?" Wiki iliyofuata akaja mwingine. Kikundi chetu kilianzia hapo.

Sasa tuko tisa, wanawake saba na wanaume wawili. Kila asubuhi wawili wetu wanapanda daladala na vijana hadi kliniki, wanasubiri wanywe, wanarudi nao. Vijana ni 14. Dawa ni bure kabisa, ila inanywewa palepale mbele ya mhudumu, kila siku ya Mungu. Nauli kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa vijana 14 kwa mwezi ni 504,000, na hapo sijahesabu sisi tunaowasindikiza wala uji. Tunachanga, lakini wachangaji ni wauza mboga na mama ntilie. Mwezi uliopita watatu walikosa nauli siku nne mfululizo. Mmoja karudi kijiweni, na mpaka leo nikipita pale ananigeuzia mgongo.

Kuna afisa alituambia tuandike andiko la mradi kwa sababu halmashauri ina ile asilimia kumi ya mapato yake inayotengewa vikundi. Tumeliandika, jumla milioni 12: kupanga nyumba ya vyumba vinne ambamo vijana wapya watakaa mpaka arosto, yale mateso ya mwili kuukosa unga, iishe, kununua bodaboda moja, na nauli za mwaka. Kabla sijalipeleka naomba mnieleze, hiyo pesa ni ruzuku kweli au ni mkopo? Na kama siyo hiyo, kuna fungu lingine? Natanguliza shukrani.

---

Ngosha_Mabatini

Dada, simama hapohapo. Asilimia kumi ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Nauli ya kwenda kunywa dawa haizalishi kitu, sasa marejesho mtayatoa wapi?

---

Mzee_wa_Kata

Mwanangu, mwangaluka. Mimi nimestaafu, nilikuwa afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata kwa miaka mingi, si hapo Igoma. Ndugu Ngosha amesema kweli, nami niongeze.

Fedha hizo zimo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, kilichoingizwa mwaka 2018. Halmashauri inatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Ni mikopo ya vikundi vilivyosajiliwa, kwa ajili ya shughuli ya kuingiza kipato. Huduma ya tiba haimo.

Nimeona vikundi vikiumia kwa kuchanganya mambo haya mawili, na vilikuwa vya watu wema kama ninyi. Wanaandika "kusaidia jamii" kwenye andiko, wanapewa mkopo, pesa inakwenda kwenye shida halisi ya watu, na mwaka ukiisha mtendaji anawafuata nyumbani. Mkopo wa kikundi unawabana wote. Kijana mmoja akirudi kwenye unga, deni lake linabebwa na yule mama muuza mboga.

Kwa hiyo ligaweni andiko lenu. Karatasi ya kwanza iwe ya biashara, na iwahusu wale tu waliokwisha kutulia, kama huyo mdogo wako mshona viatu. Watano wenye sifa wakiunda kikundi chao, hao waende kwenye asilimia kumi. Ya pili iwe ya huduma, na hiyo haiendi dirisha la mikopo.

Inakwenda wapi? Kila halmashauri ina Kamati ya Kudhibiti UKIMWI, yenye madiwani ndani yake, na kazi za kamati hiyo zina bajeti. Kuchangia sindano ni njia ya VVU na homa ya ini, hivyo suala lenu ni lao moja kwa moja. Watu wengi hawaifahamu kamati hii, nami inanisikitisha kwamba hata sisi maofisa hatukuwa tukiitaja. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa awape barua ya utambulisho, mfike kwa mtendaji wa kata, muombe nafasi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake. Jambo likiingia kwenye muhtasari wa kikao hicho, tayari lina miguu ya kufika Jiji.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, na madiwani huipitisha mapema mwanzoni mwa mwaka. Mkienda Mei mtaambiwa fungu limeshafungwa, na wala hawatakuwa wanawadanganya. Nendeni Oktoba au Novemba.

---

Mvuvi_Kirumba

Pole dada, lakini nami nina la moyoni. Injini ya mtumbwi wangu iliondoka usiku, na aliyeichukua ni teja, tulimkuta na vipande. Injini ile niliinunua kwa misimu miwili ya dagaa. Ushuru ninaolipa mwaloni ndiyo hayo mapato ya ndani mnayoyagawa hapa. Kuna wajawazito wanabebwa kwa mkokoteni usiku. Kwa nini nauli ya mateja iwatangulie hao?

---

Mama_Igoma

Kaka Mvuvi, pole sana, na nakuelewa. Sufuria za mama yangu ziliondoka kama injini yako. Nikuambie tu nilichokiona kwa macho yangu. Mdogo wangu alikuwa anahitaji kete ya unga asubuhi, mchana na usiku, na kila kete ilikuwa na mwenye mali wake aliyelia. Tangu aanze dawa hajagusa kitu cha mtu, kwa sababu ile arosto iliyokuwa inamsukuma haipo. Nauli ya kijana mmoja kwa mwezi ni 36,000. Wewe unaijua bei ya injini kuliko mimi. Na wajawazito nao siwasahau. Katika hao 14 mmoja ni binti wa miaka 22 mwenye mimba ya miezi mitano.

---

Kikombe_cha_Asubuhi

Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Nilianza tiba Muhimbili nikiwa Dar, nikahamishiwa Mwanza nilipochoka na kule. Wasiojua: Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, huku kwetu Sekou Toure ikafuata 2018. Kabla ya hapo mtu wa Mwanza alikuwa na njia mbili, kufungiwa ndani au kufungwa jela.

Dada, kwa heshima zote, hiyo nyumba ya vyumba vinne iondoe. Nieleze kwa nini.

Kaka zangu walinifungia chumbani siku tisa. Kutapika, kuhara, mifupa kama inasagwa, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, halafu inaanza kuachia. Siku ya tisa nikatoka nimekonda lakini arosto imeisha, mama akachinja kuku. Siku ya kumi na moja nikapita maskani. Nikapiga kiasi kilekile nilichokizoea. Nikazima palepale. Mwili ukishasafika haubebi tena mzigo wa zamani, na mimi sikulijua hilo, wala kaka zangu hawakulijua. Nilipona kwa sababu jamaa mmoja hakukimbia, alinilaza ubavu na kunipulizia pumzi mdomoni mpaka bajaji ikafika. Wenzangu wawili walikufa namna hiyohiyo, walipotoka kufungiwa.

Kliniki hawataki mtu amalize arosto nyumbani kwanza. Wanapima, wanaanza na dozi ndogo, wanaipandisha polepole mpaka arosto inakaa mbali siku nzima. Ukikosa siku kadhaa wanalazimika kukushusha na kuanza upya kwa sababu ileile ya mwili kupoteza uzoefu. Siku nne za kukosa 1,200 zinarudisha mtu nyuma wiki kadhaa. Na nyumba ya kulaza waraibu ina masharti yake: inatakiwa kufuata mwongozo wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mtu akifia humo, ni ninyi mtakaosimama mbele ya polisi.

Jambo lingine, msimpe mtu nauli mkononi miezi ya mwanzo. Sisemi kwa kutudharau, naijua ile hesabu inavyokujia kichwani ukishika noti. Mlipeni konda, au zungumzeni na daladala moja iwabebe kwa malipo ya wiki. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kaka aliyekuwa akitufuata vijiweni kwa posho ya mradi aliacha kuja. Waliobaki ni watu kama ninyi, mnaolipa kwa mfuko wenu. Mungu awatunze.

---

Wa_Nansio

Nasoma nikiwa Ukerewe. Huku mtu hawezi kupanda meli kila siku akanywe kikombe kimoja arudi. Wa kwetu wanahamia mjini kwa ajili ya tiba, hawana pa kulala, wanaishia vijiwe vilevile vya Mwanza. Mkienda kwenye hiyo kamati, mtutaje na sisi wa visiwani.

---

Msukuma_Ohio

Dada hongera. Huku niliko chanzo ni kingine, ila namna ya kuomba inaweza kukusaidia.

Hapa watu wengi waliingia kwenye uraibu kwa vidonge vya maumivu vilivyoandikwa na daktari, wakaishia kwenye heroini na sasa fentanili, ambayo ni kali zaidi. Majimbo na miji ikazishitaki kampuni za dawa hizo. Mwaka 2022 yalikamilika makubaliano ya dola bilioni 26: wasambazaji watatu, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, wanalipa bilioni 21 kwa miaka 18, na Johnson & Johnson hadi bilioni 5. Hapa Ohio asilimia 30 ya fedha za makubaliano inakwenda moja kwa moja kwa serikali za mitaa, na hizo hutangaza ruzuku ambazo hata kikundi kidogo kinaweza kuomba. Makubaliano yale yana kiambatisho chenye orodha ya matumizi: dawa za tiba, huduma kwa mjamzito mraibu, usafiri wa kwenda kliniki. Nyumbani unga unaingia kwa magendo, hakuna kampuni ya kushitaki, hivyo kapu kama hilo hamna.

Ila nimekaa na kikundi cha kanisa letu wakati wa kuandika ombi. Tulijaza kurasa kwa habari za huruma, wakaturudishia. Walitaka kujua watu wangapi, na baada ya miezi mitatu wangapi bado wako kwenye tiba, na mnajuaje. Je, mna daftari?

---

Mama_Igoma

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara tatu. Kikombe, nimemsomea mdogo wangu maneno yako, akainuka akatoka nje. Aliporudi akaniambia naye aliwahi kuzima, na hakuwahi kutuambia.

Nyumba nimeifuta. Bodaboda pia. Kaka wa Ohio, daftari tunalo, la kaunta, tuliliweka kwa ajili ya michango tu. Lakini nikiangalia nauli za kila siku, majina yamo na tarehe zimo, mwaka mzima na miezi minne. Ukilisoma upya unaona nani alikosa siku ipi. Tulioanza nao ni vijana 17, waliopo 14. Binti mjamzito hajakosa hata siku moja tangu aanze.

Ombi letu sasa ni moja: nauli za vijana 14 kwa mwaka, 6,048,000, zilipwe kwa mwenye daladala. Nimeandika pia kuhusu wa visiwani, aya moja, Wa_Nansio nitakutumia uisome. Mzee wangu, mwenyekiti wa mtaa amenipa barua leo asubuhi. Kikao cha kata ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa heshima yako naomba uniambie, nikipewa nafasi ya kusema, nani anafaa kusimama: mimi, au mdogo wangu?

---

Mzee_wa_Kata

Simameni wote wawili, mwanangu. Wewe shika daftari. Yeye avae viatu alivyoshona mwenyewe, na aseme tu kama anataka.

---

Mvuvi_Kirumba

Alhamisi saa ngapi?